Kivimbe Kilichoitwa Sijda

Kilichonitia mashaka kwanza ni kofia. Mume wangu ni seremala, ana kibanda chake cha kazi hapa Msambweni, na tangu nimjue kofia yake hukaa chini kabisa, ukingo wake umekishika kipaji cha uso barabara. Siku moja naona imerudi nyuma, imejikalia kisogoni, na uso mzima uko wazi. Nikamwuliza kama amepata mchumba mpya. Akasema ni joto. Sasa joto la Msambweni halikuanza juzi, na mimi ni mtu ambaye nikiona jambo halikai sawa situlii, basi nikamngoja akae kula, nikamshika kidevu, nikamgeuzia uso kwenye mwanga wa mlangoni.

Katikati ya kipaji, kidogo upande wa kushoto, palikuwa na kivimbe. Hakikuwa kikubwa, kiasi cha punje ya mbaazi, lakini rangi yake haikuwa ya ngozi. Kilikuwa na usamawati uliofifia, kama doa la wino lililofuliwa likakataa kutoka. Nikakigusa kwa ncha ya kidole tu. Mume wangu akaruka, sahani ikapinduka, mchuzi wa samaki ukamwagika mkekani.

"Unaniua, mama!"

Nilimhurumia, naapa nilimhurumia. Lakini nisiseme uongo, nilitaka pia kukigusa tena. Mtu huyu ameshajipiga nyundo kidole mbele yangu, akasema tu "astaghfirullahi" na akaendelea na kazi. Iweje kitu kidogo namna hii kimrushe?

Tulidhani ni jipu. Jipu tunalijua na taratibu zake: linavimba, linaiva, linatoa mdomo, linapasuka, mtu anapumua. Nikaponda sabuni na sukari nikambandika ili liive. Halikuiva. Nikachoma kitunguu, nikakifunga kwa kitambaa kikiwa bado na moto. Alikaa nacho akinung'unika, na asubuhi kivimbe kiko pale pale, hakina usaha, hakina mdomo. Miezi ikapita, kikakua taratibu hadi kikawa kama kokwa ya ukwaju. Kuna siku kilikuwa kimelala kabisa, akasahau kama anacho. Kuna siku kilichachamaa chenyewe, hakijaguswa na mtu, akawa anafumba jicho la upande ule na kuuma meno. Nilikuwa namwuliza maswali mpaka ananichoka. Kinapwita au kinachoma? Kinaanzia ndani au juu? Maji baridi je? Akasema nikitaka kujua zaidi nikiombe kihamie kwangu.

Mimi kazi yangu ni kusuka ukindu. Nasuka mikeka na misala, na wanawake wenzangu hukaa nami barazani, kila mmoja na ukili wake mkononi, ule mkanda unaoshonwa kuwa mkeka. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Jirani yangu alimwona mume wangu akipita na kofia yake ya kisogoni, akasimamisha mikono, akasema, "Mashallah. Fundi amepata sijda."

Kwetu sijda si kule kusujudu peke yake. Ni ile alama pia, ile nyeusi inayotokea kwenye kipaji cha mtu aliyekigandamiza chini miaka na miaka kwa sala. Mwenye nayo huheshimiwa, na asiyekuwa nayo hujiuliza sala zake zimekwenda wapi. Mwenzetu mwingine akadakia, "Ehee, mumeo Mungu amempa kipaji!" Na kwa kuwa kipaji ni paji la uso na kipaji ni tunu, wakacheka wote, wakafurahia maneno yao.

Nikawaambia hiyo si sijda, ni uvimbe, unamuuma. Wakatazamana. Jirani akanipigapiga goti. "Usihofu, dada. Hatumfanyii husuda." Kadiri nilivyokana ndivyo walivyoamini. Haukupita muda, watu waliokuwa wakimwita Fundi wakaanza kumwita Ustadhi. Alikuwa akirudi nyumbani amekasirika. "Leo mtu amekuja kuagiza kitanda ananiita Ustadhi. Ustadhi wa mbao?"

Nilicheka sana wakati ule. Kicheko kilinikatika nilipoanza kuona mambo mengine. Mume wangu ni mtu wa safu ya mbele, adhana haijamalizika yeye ameshafika. Sasa akawa anachelewa makusudi, anasimama safu ya nyuma kabisa, pembeni, karibu na viatu. Kisha akaanza kusali kibandani, kisha nyumbani. Barazani wanawake wakasema, "Amejitenga na dunia. Ibada imemkolea." Mimi ninayekaa naye sikuona ibada yoyote iliyomkolea. Nilimwona mtu anayekimbia kitu.

Adhuhuri moja nilitoka kuanika ukindu, nikamkuta chumbani anasali. Alikuwa kwenye kusujudu. Magoti chini, viganja chini, lakini kichwa hakijafika. Kilikuwa kinaning'inia kiasi cha shubiri moja juu ya msala, mishipa ya shingo imemtoka. Akashuka kidogo, akagusa, akarudi juu kwa kishindo kama aliyegusa kaa la moto. Nilibaki mlangoni na mikono yangu imelowa. Alipotoa salamu hakugeuka kunitazama.

"Sala gani hiyo?" nikamwuliza.

"Haifiki," akasema.

Nikakaa chini naye. Hapo akanieleza yote, maana nadhani alikuwa amechoka kuyabeba. Kila akiweka kipaji chini, maumivu yanampenya kama msumari, yanatokea jichoni, yanazunguka mpaka sikioni. Amejaribu kugeuza upande, amejaribu kukunja shuka aweke chini. Hata pale anapoweza kuvumilia, anachofikiria ni uvimbe, si sala. "Namfikiria huyu aliyekaa hapa usoni kuliko ninavyomfikiria ninayemsujudia," akasema.

Nikamkumbusha kuwa dini ina nafasi ya mgonjwa. Anaweza kusali kwa kuinama tu, kwa ishara, hata akiwa kitini. Akaniambia, "Najua inafaa. Sikukuuliza kama inafaa." Kisha sauti ikambadilika. "Ikiwa huu ni ugonjwa ule mbaya, nami nikaondoka nao, basi nimeshasujudu mara ya mwisho na sikujua kuwa ndiyo ya mwisho." Akalia. Sijazoea kumwona analia, nikawa namtazama tu.

Basi hilo ndilo lililokuwa likimtesa. Kufa, anakuogopa kama sote tunavyokuogopa. Lakini zaidi ya kufa alitaka kurudisha kichwa chake chini, na nje ya nyumba yetu watu walikuwa wanamsifu kwa kitu kile kile kilichomzuia.

Sifa nazo zina adhabu yake. Bibi mmoja wa mtaa wa pili, mkongwe wa kutembelea fimbo, alimleta kitukuu chake aliyekuwa anakataa kunyonya. Akataka Ustadhi amsomee na kumpulizia. Mume wangu akakataa kwa adabu, akamwambia yeye ni seremala, ampeleke mtoto kliniki. Bibi akakubali, akashukuru, akaomba mkono wa kuagana. Mume wangu akainama, ampe heshima yake. Bibi akanyanyua kiganja, akakibandika juu ya ule uvimbe, akausugua hasa, kisha akajipaka usoni kwake na usoni kwa mtoto.

Mume wangu alitoa sauti ambayo siwezi kuiandika. Alitetemeka mwili mzima, machozi yakamchuruzika, akashika mwimo wa mlango asianguke, akawa anasema "ya Allah, ya Allah" kwa pumzi ya kukatika. Bibi akarudi nyuma, macho yamemtoka, akasema, "Allahu Akbar." Kabla ya magharibi mtaa mzima ulikuwa na habari kwamba Ustadhi akiguswa sijda hupandwa na hali. Na yule mtoto, Mungu naye ana mambo yake, jioni ile akanyonya.

Sikujua nicheke au nilie. Nikafanya ninachokijua, yaani kusuka. Nikawaza, kama tatizo ni uvimbe kugusa chini, basi pale chini pasiwe na kitu. Nikapima uso wake kwa ukili: kutoka pua mpaka uvimbe, kutoka uvimbe mpaka nywele. Nikasuka msala mnene, tabaka juu ya tabaka, nikaacha kishimo mahali pa uvimbe, nikakizungushia ukingo laini kama ile kata wanayoweka wanawake kichwani wakibeba ndoo. Kazi ile niliipenda. Kila nilipofika kwenye kishimo nilikuwa najiona nimemzidi akili huyo mgeni wa kwenye kipaji.

Akaujaribu. Sijda ya kwanza kichwa kikatua sawasawa, uvimbe ukaingia kishimoni, akakaa hapo kwa raha. Nikajipongeza. Sijda ya pili kichwa kikatua pembeni kidogo, ukingo ukaupata uvimbe katikati, akaruka. Tulihangaika siku kadhaa. Nikapanua kishimo, pua ikakosa pa kuegemea. Nikakipunguza, hali ikawa ile ile. Nilichojifunza ni kuwa kichwa cha binadamu hakitui pahali pamoja, hata ukikifundisha. Mume wangu akaukunja ule msala, akauweka juu ya kabati, akaniambia, "Ahsante, lakini sasa nasali huku napiga shabaha."

Nikamwambia basi, kesho ni hospitali. Siku zote alikuwa ananikatalia, na nilijua sababu: asiyeambiwa hana ugonjwa. Safari hii hakubisha.

Daktari aliyetupokea alikuwa msichana wa bara, mdogo kuliko binti yetu wa mwisho, mwenye Kiswahili cha haraka. "Shikamoo, mzee. Hii kitu imekaa hapa miaka ngapi?" Mume wangu akamwitikia marahaba, akaanza kueleza, naye daktari akanyoosha kidole akabonyeza. Mume wangu akapanda juu ya kiti.

"Inauma ukibonyeza, siyo?"

"Aliyebonyeza ni wewe, mwanangu. Wewe ndiye wa kunieleza."

Akaomba radhi, akavuta taa, akautazama kwa karibu, akauliza mambo mengi. Nikampenda kwa maswali yake, maana ndiyo niliyokuwa nikiuliza mimi nikaonekana msumbufu. Mwisho akasema vivimbe vingi vya ngozi havina maumivu, na hivi vinavyouma hivi ni vichache. "Mimi nafikiria hii ni ya tezi."

Mume wangu akanigeukia, uso umemparama. Kwa wanaume wa rika lake tezi ni moja tu, na haikai usoni. Akaniinamia sikioni, "Mwambie mimi haja ndogo napata vizuri tu."

Nikamwambia daktari. Nikamwambia vilevile kama nilivyoambiwa. Yule binti akajitahidi asicheke, akashindwa. Kisha akatueleza kwa upole kwamba mwili una tezi za kila aina, na ngozi yote imejaa vitezi vidogo vya jasho ambavyo jicho halivioni. Wakati mwingine kimoja kinaanza kujijenga bila sababu, kinakuwa donge chini ya ngozi, na mara nyingi donge hilo si la hatari. Lakini hawezi kuapa mpaka likatwe, lipelekwe maabara Mombasa, likapimwe.

Hapo nikapata nafasi yangu. Nikamwuliza, donge hilo lenyewe linatoa jasho? Akasema hapana, limesahau kazi yake. Mbona linauma hivyo? Akafikiri, akasema labda linabana mishipa ya fahamu, lakini hata mabingwa hawajakubaliana. Nikashangaa. Nilidhani kila kitu cha mwili kimeshajulikana, kumbe kuna vitu vidogo kama kokwa ambavyo bado vinawasumbua waliosoma. Ningekaa pale mpaka jioni kama mume wangu asingenivuta buibui.

Habari ya kukatwa ikafika msikitini kabla yetu. Mwadhini, rafiki yake tangu utoto wao, akaja nyumbani na uso wa msiba. Akakaa, akakataa chai, akasema, "Ndugu yangu, watu wanalia miaka wapate alama hiyo, wewe unakwenda kuikata?"

Nilimwona mume wangu anayumba, nikaingiwa na hasira. Nikatoka nilikokuwa, nikasema, "Shemeji, hiyo si sijda. Daktari ametwambia ni tezi ya jasho."

Mwadhini akafikiri, kisha akasema kwa utulivu kabisa, "Basi ni jasho la ibada."

Nilitaka kumpiga kwa ukindu. Lakini mume wangu alianza kucheka. Alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akafanya jambo ambalo hakuwa amelifanya mbele ya mtu yeyote ila mimi. Akashuka chini pale sebuleni, akaweka viganja, akashusha kichwa mbele ya macho ya rafiki yake mpaka kikagusa mkeka. Maumivu yakamnyanyua. Mwadhini aliona uso wake. Akauliza, "Tangu lini?" Na alipojibiwa alifunika macho kwa mkono, akasema, "Nasi tunakuita Ustadhi." Siku ya kukatwa ndiye aliyetusindikiza.

Walimchoma sindano ya ganzi, hakulazwa. Mimi nilikaa nje kwenye benchi, na muuguzi alipopita na kichupa nikamwomba anionyeshe. Akasita, kisha akanionyesha. Ndani ya maji palikuwa na kidonge cheupe chenye ukijivu, kimeviringana, hakina damu wala sura ya ubaya. Nilijiona nimedanganywa. Usamawati wote ule ulikuwa wapi? Muuguzi akasema rangi huonekana kupitia ngozi, kitu chenyewe kikitolewa ni hivyo. Nilikitazama mpaka akaniambia, "Mama, kinangojwa." Kitu kile kilimwondoa mume wangu safu ya mbele, kikamfanya walii wa mtaa, na kingepotea kwenye ganda la karanga.

Kungoja majibu kulikuwa kugumu kuliko kukatwa. Alikuwa na bandeji kipajini na nyuzi chini yake, amekatazwa kupagandamiza. Akasali kitini. Usiku sikumwuliza anawaza nini kwa sababu nilikuwa nawaza hilo hilo. Majibu yalipokuja, yule binti alituita ndani akatuambia kabla hatujakaa: "Si ile mbaya." Ni tezi ya jasho kama alivyodhani. Imetoka yote. Ikitokea kuota tena, ambalo si kawaida, turudi.

Mume wangu akasema alhamdulillahi, akainamisha uso. Mimi nikauliza, mwanangu, mnawezaje kukiita si kibaya, kitu kilichomtesa hivi? Akanijibu kwamba kibaya kwao ni kile kinachosambaa na kuua. Nikamwambia basi mtafute neno jingine la katikati. Akasema atawaambia wakubwa zake.

Nyuzi zikatolewa, kidonda kikakauka, likabaki kovu jembamba. Tena hakuna aliyemkataza kusujudu, lakini naye hakusujudu. Siku zikapita, yuko na kiti chake. Nilielewa. Alikuwa anaogopa kuweka kichwa chini akute msumari bado upo.

Kisha alasiri moja akatoka kibandani mapema, akatawadha, akatandika msala wa kawaida chumbani, akaniita. "Njoo usali nyuma yangu." Nikatandika wangu. Nikamsikia anavuta pumzi kabla ya takbiri. Rakaa ya kwanza, nilisimama nikimtazama mgongo, sikumbuki nilisoma nini. Akarukuu, akainuka, akasema "Allahu Akbar," akashuka, nami nikashuka.

Nikangoja ile sauti ya kuruka. Haikuja. Nikasema tasbihi zangu, nikazimaliza, nikazirudia, bado yuko chini. Anayefuata haruhusiwi kuinua kichwa kabla ya imamu wake, basi nikabaki hapo, uso wangu kwenye ukindu, magoti yananiuma, shingo inaniuma. Mbele yangu nikamsikia anavuta kamasi kama mtoto. Ningeweza kuchungulia, hakuna ambaye angejua. Sikuchungulia. Nilimwomba Mungu kitu kimoja tu, asimharakishe kuinuka.